Ngumi ya Hofu na Ngumi ya Faida: Namna ya Kumlea Mtoto Aliyekulia Kwenye Vurugu

Mtoto anaweza kuletwa kwako kutoka popote. Labda katoka nyumba ya Mbagala ambako baba akirudi usiku kila mtu alitafuta pa kujificha, au stendi alikolala miezi sita, au mbali zaidi, Burundi na mashariki ya Kongo, akapita mikono ya ndugu wanne kabla ya kufika kwako. Yaliyompata hayafanani. Kinachomsumbua shangazi, mjomba au mwalimu anayempokea hapa Dar es Salaam mara nyingi ni kilekile: anapiga. Anapiga watoto wa wapangaji, anapiga darasani, na akiulizwa anajibu "kanianza yeye."

Kabla ya kugusa kazi yenyewe, kuna imani mbili za kuziweka kando. Moja inasema mtoto wa hivi ameshaharibika. Mwaka 1989 Cathy Widom, mtafiti wa Marekani, alichapisha matokeo ya watoto 908 ambao kuteswa au kutelekezwa kwao kulithibitishwa mahakamani, akawalinganisha na wengine 667. Waliokuja kukamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu walikuwa asilimia 11 upande wa kwanza, asilimia 8 upande wa pili. Tofauti ipo, lakini tisa kati ya kumi hawakufika huko. Kaskazini mwa Uganda, mtafiti Christopher Blattman alikuta jambo ambalo wengi hawakulitegemea: vijana waliowahi kutekwa na waasi wa Lord's Resistance Army walijitokeza kupiga kura na kushika uongozi wa jamii kuliko wenzao ambao hawakutekwa.

Imani nyingine inasema atasahau tu, bado mdogo. Watafiti kadhaa, akiwamo mchumi Edward Miguel, waliwatazama wachezaji wa ligi kubwa za Ulaya, wakakuta kwamba kadiri nchi ya mchezaji ilivyopitia miaka mingi ya vita vya ndani, ndivyo alivyoelekea kupata kadi nyingi zaidi za njano na nyekundu. Hao ni watu wenye mshahara mnono, daktari wa timu na kocha anayewafokea kila siku. (Mashabiki wa Simba na Yanga wasikimbilie kumtetea beki wao kwa hoja hii.)

Kwa hiyo athari ipo na inadumu, ila haijaandikwa kwenye jiwe. Kazi yako inaanza hapo katikati.

Jua kwanza ni ngumi gani

Anayekulia kwenye vurugu hujifunza mambo mawili, na walezi wengi huyafunga kwenye kifurushi kimoja kinachoitwa "ukorofi".

La kwanza ni kusoma hatari. Kwao, aliyechelewa kuona kwamba uso wa baba umebadilika ndiye aliyeumia, basi jicho likanoleka. Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwaonyesha watoto picha za nyuso zinazojitokeza kidogokidogo. Waliokuwa wamepigwa nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, picha ikiwa bado haijakamilika. Ni kipaji, tena kilimwokoa. Ubaya wake hakina swichi ya kukizimia. Kwenye foleni ya maji mwenzake akimkanyaga kwa bahati mbaya, yeye anaona shari. Kenneth Dodge na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1990: watoto waliopigwa vibaya wakiwa wadogo huelekea kuona nia mbaya mahali ambapo watoto wengine hawaioni. Hiyo tuiite ngumi ya hofu.

La pili ni kanuni ya maisha: nguvu inalipa. Amewaona wenye mabavu wakila kwanza, wakisikilizwa, wakipishwa njia. Naye anapiga kwa sababu kupiga kumemletea mpira, mia mbili ya mwenzake au jina mtaani. Hiyo ni ngumi ya faida. Kwa waliopita vitani inaweza kwenda mbali zaidi: Thomas Elbert na Roland Weierstall wa Chuo Kikuu cha Konstanz, waliofanya kazi na wapiganaji wa zamani wa nchi za Maziwa Makuu, walikuta kwamba kwa baadhi yao kupiga kwenyewe kumekuwa utamu.

Ukikosea kuzitofautisha, dawa inageuka sumu. Mtoto wa hofu ukimbana unamthibitishia kwamba aliona sawa, dunia ni ya kujihami. Mtoto wa faida ukimbembeleza baada ya kila tukio, umemwongezea mapato.

Ili kuzijua, nunua daftari dogo la mistari. Kwa wiki mbili, kila tukio liandikie mambo matano: saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilitokea dakika tano kabla, na alipata nini baadaye. Mistari mitano inatosha, na matukio manane hadi kumi yatakuonyesha sura.

Ngumi ya hofu hutoka ghafla. Pumzi inapanda, macho yanatoka, na anaweza kumpiga hata aliyemzidi umbo. Baadaye anatetemeka, analia au anajificha, na mara nyingine hakumbuki vizuri alichofanya. Haimwachii kitu mkononi. Ngumi ya faida huchagua. Inamwangukia mdogo au asiye na kaka mkubwa, inatazama kwanza kama kuna mtu mzima karibu, na ikishatua mpigaji ametulia, pengine anacheka, na kuna kitu kimehama mkono. Mtoto mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili, moja shuleni na nyingine nyumbani. Ndiyo maana safu ya "mahali" isirukwe.

Daftari huharibika kwa njia tatu. Mlezi anaandika hukumu ("leo tena kaleta ujinga") badala ya tukio. Au anaandika akiwa bado amewaka, saa na kilichotangulia vinapotea. Subiri utulie, lakini usilale nalo. Au anaandika mabaya tu. Siku mtoto alipochokozwa akaondoka zake ni lazima iingie, maana hiyo ndiyo itakuonyesha kinachomsaidia. Na kabla hujatoa hitimisho la kisaikolojia, tazama saa. Matukio yakirundikana saa tano asubuhi au saa kumi jioni, anza na njaa. Uji wa asubuhi umewahi kumaliza "ukorofi" mwingi kuliko ushauri nasaha.

Ngumi ya hofu: fanya siku itabirike

Mwili wa mtoto huyu hukaa kama mlinzi wa usiku. Homoni za dharura, kama adrenalini, huweza kumpanda kwa jambo dogo na kukawia kushuka. Maneno ya busara hayazishushi. Kinachozishusha ni siku nyingi mfululizo zinazofanana.

Weka nyakati tatu zisizobadilika: wa kula jioni, wa kuoga, wa kulala. Ukichelewa kurudi kwa sababu ya foleni ya Mandela au Ubungo, piga simu nyumbani aambiwe. Kwa mtoto wa kawaida mlezi kuchelewa nusu saa si kitu, kwa huyu ni ishara kwamba usiku utakuwa mbaya. Mwendee kutoka mbele anakokuona. Kumwamsha usimtikise bega: simama upande wa miguuni, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida, mara mbili tatu. Kwenye nyumba ya kupanga yenye korido moja, waombe wapangaji wenzako mambo mawili tu, wasimshtue kwa utani kutoka nyuma na wasimtishie kwa baba yake au polisi. Usiwasimulie historia yake. Ukiisimulia, kesho watoto wao watamtania nayo bombani.

Mwezi wa kwanza mara nyingi huwa shwari mpaka mlezi anajisifu. Kisha hali inachafuka kuliko alipokuja, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumrudisha alikotoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa bado mgeni. Sasa ameanza kuamini kwamba huenda atakaa, na anakupima: hawa nao watanipiga lini? Anakuchokoza ili alipate jibu mapema, kwa kuwa kusubiri kunamchosha kuliko kipigo. Kipindi hicho huchukua wiki kadhaa. Usibadilishe ratiba wala kanuni ndani yake.

Tukio likiwaka, fanya kwa mpangilio huu. Waondoe wengine kwanza, yeye mwache alipo: "Juma, Neema, nendeni uani." Watazamaji wanamfunga asiweze kurudi nyuma bila aibu. Simama ubavuni, hatua mbili kutoka kwake, usimzibie mlango. Usimshike mkono kutoka nyuma hata kama una haraka. Hapo ndipo walezi wengi hupigwa na kuamini wamepigwa kwa makusudi. Kama anamwumiza mtu au ana kitu chenye ncha, ingia katikati kwa mwili wako ukiwa umemtazama, viganja wazi. Sentensi ziwe za neno moja au mawili: "Niko hapa. Sikupigi. Kunywa maji." Usiulize kwa nini. Kwa dakika hizo hana jibu, na swali la "kwa nini umefanya hivi" alilisikia kwao kabla ya kila kichapo.

Acha nusu saa ipite kabla ya mazungumzo, zaidi kama bado miguu inatetemeka. Kisha mkae sambamba mkifanya kitu, kuchambua mchele au kumenya viazi, maana macho kwa macho yanambana. Maswali ni matatu. Ulimwona anafanya nini? Ukadhani anataka nini? Ingeweza kuwa nini kingine? Hilo la tatu ndilo zoezi lenyewe, na asiachiwe mpaka apate sababu tatu. Kanikanyaga kwa sababu kasukumwa nyuma. Hakuniona, alibeba ndoo. Ana haraka, mama yake anamwita. Hata akikubali shingo upande, haidhuru. Fanyeni zoezi hili pia siku za amani, dakika kumi, mara tatu kwa wiki, kwa mifano ya mtaani: konda kamfokea abiria, jirani kapita bila kusalimia, mwenzako kacheka wakati unasoma darasani. Watu huliacha baada ya wiki mbili kwa kuwa linaonekana mchezo. Lipe miezi mitatu.

Ngumi ya faida: kata mapato

Hapa huruma peke yake haifanyi kazi. Kila alichochukua kirudi siku hiyohiyo, kwa mkono wake, wewe ukiwa umesimama pembeni. Kama kimeharibika, fidia itoke kwenye jasho lake: achote maji, aoshe vyombo vya aliyemkosea, kwa siku zinazohesabika na zilizotangazwa mapema. Siku mbili au tatu. Adhabu ya mwezi mzima humgeuza yeye kuwa mwonewa, na ikishindikana kusimamiwa anajifunza kwamba maneno yako hayana uzito. Msamaha wa kulazimishwa mbele ya watu uache. Anausema huku anapanga kisasi.

Kisha jaza pengo. Ngumi ilimpa heshima, ukiiondoa bila kumpa heshima nyingine ataifuata kijiweni. Mpe jukumu linaloonekana: kushika funguo za stoo, kutunza jezi za timu, kuhesabu chenji dukani ukimwangalia. Usimpe jukumu la kuwasimamia wadogo. Hilo ni kosa la kawaida sana mashuleni: mbabe anafanywa kiranja "ili atulie", naye anapata kibali rasmi cha kuendelea.

Kwa kijana wa miaka 16 na zaidi, mfano mzuri unatoka Monrovia, Liberia, kwa watu waliokulia kwenye vita hasa. Wanaume 999 waliokuwa kwenye uhalifu wa mtaani waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa wiki nane za mazoezi ya kubadili fikra na mwenendo, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Mazoezi peke yake yalisaidia, lakini baada ya mwaka nguvu yake ilififia. Waliopata mazoezi na fedha ndio walioendelea vizuri, na walipofuatwa tena baada ya miaka kumi tofauti ilikuwa bado ipo. Sehemu ya mazoezi ilikuwa ya kawaida kabisa: kunyoa, kuvaa vizuri, kuingia benki na madukani na kuzungumza kama raia mwenye haki ya kuwepo pale. Unaweza kuliiga bila mradi wowote. Mtume serikali ya mtaa akafuate barua ya utambulisho. Mpeleke benki akaulize masharti ya kufungua akaunti, wewe ukikaa kwenye kiti cha wateja. Mkiwa nyumbani fanyeni kwanza kwa maigizo, wewe ukiwa karani mwenye kiburi. Na kama una uwezo wa kumpa mtaji mdogo wa kuuzia maji au karanga, mpe baada ya wiki za mazoezi, si kabla.

Kuhusu fimbo

Kila mlezi Dar ana methali yake hapa, na aghalabu ni "mchelea mwana kulia, hulia yeye." Methali inasema usiogope mtoto kulia. Haisemi alizwe kwa mwiko. Kunyimwa mpira siku mbili kunaliza pia.

Fimbo ni tatizo la mtoto huyu kwa sababu inajibu swali ambalo bado analiuliza. Wa hofu anajua sasa kwamba hata hapa ni vilevile. Wa faida anajua kwamba kanuni yake ni sahihi, mkubwa ndiye mshindi, kilichobaki ni kukua na kutokamatwa. Tena fimbo Tanzania si kitu cha wachache: utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au viboko, au kutishiwa silaha, na ndugu, mwalimu au mpenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Maana yake mlezi mwenyewe huenda yumo kwenye hesabu hiyo. Mkono ukikupanda kabla hujafikiri, jipe muda wa kutulia kama unavyompa mtoto: toka nje, tembea hadi dukani, rudi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa au kumpa mtoto adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, na inataka marekebisho yoyote yazingatie umri wake na hali yake ya mwili na akili. Shuleni viboko havijafutwa, lakini vina mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu, na viandikwe. Nenda kwa mwalimu mkuu kabla tukio halijatokea, asubuhi, bila shari. "Shikamoo mwalimu, nina mtoto aliyepitia kipigo sana alikotoka. Naomba akikosea nipigiwe simu kwanza." Omba pia akae kwenye dawati la pembeni, mgongo ukutani, anakouona mlango. Walimu wengi hulikubali hili la dawati haraka kuliko la fimbo, na lenyewe hupunguza matukio.

Mwizi anapopigwa mtaani

Magazeti yetu huandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba ni kundi la kudumu lenye katiba yake. Mtoto anawaona. Asipowaona barabarani, anawaona kwenye simu ya mpangaji, video ikizunguka vikundi vya WhatsApp. Hofu ya Panya Road, magenge ya vijana wahalifu, ilipotikisa jiji, mwaka 2015 na tena 2022, mazungumzo ya vibarazani yalikuwa ya kuua tu, watoto wakiwa wamekaa hapohapo.

Mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Stanford, mwanasaikolojia Albert Bandura aliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi sita mtu mzima akilipiga sanamu la kupuliza, nao wakaiga, hata maneno. Jaribio lake la 1965 ndilo la kutafakari zaidi. Watoto waliomwona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo. Lakini walipoahidiwa zawadi kwa kila walichokumbuka, walirudia karibu sawa na wengine wote. Asiyeiga amejifunza vilevile. Anasubiri wakati wake tu.

Kelele ya "mwizi!" ikisikika, mwingize ndani, funga dirisha, washa redio. Kama ameshaona, usiku huohuo muulize ameona nini, msikilize hadi mwisho, kisha sema wazi: yule alikuwa mtu, ana mama yake, na kama aliiba alipaswa kupelekwa polisi. Usicheke, wala usiseme "amekoma". Anachoshika mtoto ni neno lako juu ya tukio kuliko tukio lenyewe.

Mambo ambayo si ya nyumbani

Akitembea na kisu au bisibisi, akitesa wanyama kwa kurudia, akisema anataka kufa, au akianza tena kukojoa kitandani na kuota ndoto za kutisha kwa zaidi ya mwezi, usingoje. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa anaweza kukuelekeza hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, Amana au Mwananyamala, na kutoka hapo kliniki ya afya ya akili Muhimbili. Kama kuna mtu anayemwumiza sasa hivi, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi; watakupa fomu ya PF3 ya hospitali. Ikiwa amebakwa au kulawitiwa, asiogeshwe wala nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye mfuko wa karatasi, na afike hospitali mapema iwezekanavyo, kwani dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72. "Kuyamaliza kifamilia" kumeshawapotezea watoto wengi saa hizo.

Baada ya miezi mitatu rudi kwenye daftari, hesabu matukio ya wiki mbili za kwanza na wiki mbili za mwisho. Yakipungua kwa theluthi, uko njiani. Yakibaki palepale, tazama safu ya "alipata nini": kuna mtu bado anamlipa, na mara nyingi ni wewe. Daftari likae juu ya kabati ambako hafiki. Likizo akienda kwa bibi yake Tanga au Morogoro, usilitume lote. Andika karatasi moja yenye mistari mitatu: aamshwe kwa kuitwa jina, asiguswe kutoka nyuma, akiwaka apewe maji na nusu saa. Bibi asome kabla mtoto hajashuka kwenye basi.